Theluji imefika dirishani, rada haionyeshi kitu: rada inapima nini hasa?

Swali la mama mmoja wa Tabata Kimanga, Dar es Salaam:

“Mwanangu, pole na kazi. Binti yangu anasoma Houghton, jimbo la Michigan, Marekani. Kila siku kabla ya kulala, saa nne usiku ambapo kule ni saa nane mchana, naangalia rada ya huko kwenye simu kama ninavyoangalia ya hapa wakati wa masika. Kuna siku rada ilionyesha rangi hafifu tu, karibu na bure, naye akanitumia picha theluji imefika dirishani. Wiki nyingine rada nyekundu tupu, nikampigia kwa wasiwasi, akasema ni manyunyu na tope la barafu. Hii rada inapima theluji au inabahatisha? Na kama inakosea hivyo kwa wenzetu wenye vifaa, rada yetu ya hapa Dar, ile ya Bangulo, niiamini kiasi gani mto Msimbazi unapoanza kujaa?”

Jibu:

Shikamoo mama, na asante. Nimelisoma swali lako mara mbili, kwa sababu umeeleza makosa mawili ya rada ambayo kila moja lina chanzo chake, na umeyaona kwa macho yako mwenyewe ukiwa Tabata. Nitajibu kwa kirefu.

Rada haibahatishi. Lakini pia haipimi theluji. Inachopima ni mwangwi. Inatuma mawimbi ya redio kwa mpigo mfupi, inanyamaza na kusikiliza kilichorudi, inageuza antena kidogo, inarudia. Rada za Marekani hutuma kila mpigo kwa nguvu ya kilowati 750 hivi, na kinachorudi ni chembe ndogo mno ya nguvu hiyo. Kutoka kwenye mwangwi huo hadi kwenye sentimita za theluji mlangoni kwa binti yako kuna hesabu kadhaa katikati, na kila hesabu imejengwa juu ya dhana fulani. Dhana ikivunjika, rangi kwenye simu yako inapotosha.

Tuanze na siku ile rada ilipokuwa karibu tupu. Rada inayohudumia Houghton iko Negaunee, kama kilomita 100 kwa mstari ulionyooka. Mwale wa chini kabisa unaotumika kwa kawaida huwa umeinuliwa nusu digrii, na dunia ni mviringo, kwa hiyo kadiri mwale unavyokwenda mbali ndivyo ardhi inavyozidi kuporomoka chini yake. Ukipiga hesabu, kwenye kilomita 100 katikati ya mwale iko mita 1,450 hivi juu ya usawa wa rada. Isitoshe, mwale hupanuka kama mwanga wa tochi. Ukiwa na upana wa digrii moja, kwa umbali huo umeshafika unene wa mita 1,700 hivi. Ukingo wake wa chini unapita mita 600 hivi juu. Chochote kinachotokea chini ya hapo, rada haina habari nacho.

Sasa theluji ya Houghton ni ya aina yake. Inatengenezwa na Ziwa Superior. Upepo mkavu wa baridi kali unashuka kutoka Kanada, unapita juu ya maji ambayo bado yana joto kuliko hewa, unachota mvuke na joto, unajenga mawingu, na ukigonga nchi kavu yenye vilima unamwaga yote. Mawingu haya ni mafupi. Wingu la radi la hapa kwetu linaweza kupanda kilomita 12 na kuendelea. Haya ya ziwani mara nyingi hayafiki 3, na mengine yanaishia kilomita moja na kitu. Mwale unaparaza kichwa cha wingu tu, nusu yake ukiwa umepita kwenye hewa tupu, halafu rada inagawanya mwangwi mdogo ilioupata kwa mwale mzima. Mtu mrefu akitazama juu ya ukuta wa jirani hawaoni kuku waliosimama chini ya ukuta.

Na kuku hao si wachache. Rasi ya Keweenaw, alipo binti yako, hupata zaidi ya mita 5 za theluji katika majira ya kawaida. Majira ya 1978–79 ilifika karibu mita 10, na kuna ubao mrefu kando ya barabara kuu unaoonyesha kimo hicho. Mwombe akupigie picha. Wenye rada wanaijua shida hii vizuri. Tangu 2014 kituo cha hali ya hewa cha huko Negaunee kimekuwa na rada ndogo inayotazama wima kwenda juu, pamoja na kamera inayopiga picha vipande vya theluji vikianguka, ili watafiti wajifunze kinachotokea katika kilomita ile moja ya chini ambayo rada kubwa inairuka.

Kuna jambo jingine la siku hiyohiyo. Tone la mvua la kawaida huanguka mita 4 hadi 9 kwa sekunde. Theluji huelea, mita 1 hivi kwa sekunde. Kipande kilichoonekana na rada mita 1,500 juu kitatumia dakika 25 kufika chini, na kama upepo unavuma mita 10 kwa sekunde, kitatua kilomita 15 mbele. Ni sawa na rada kuona mvua juu ya Ubungo ambayo kumbe itanyesha Kibamba. Kwa hiyo hata pale mwale unapoona vizuri, ramani ya angani na ramani ya ardhini ni mbili, na kuzilinganisha nyumba kwa nyumba bila kuhesabu upepo ni kujidanganya.

Tuje siku ya rada nyekundu. Ile ndiyo siku theluji ilikuwa inayeyuka njiani. Theluji inaposhuka na kufika kwenye hewa ya nyuzi sifuri, vipande huanza kulowa. Vinashikana, vinakuwa vikubwa, na kila kimoja kinavaa ngozi ya maji. Kwa mawimbi ya rada, maji yanaakisi mara tano hivi zaidi ya barafu. Rada inapokutana na kipande kikubwa cha theluji kilichofunikwa maji inadhani imeona tone kubwa ajabu, na inapaka nyekundu. Mita mia chache chini yake kipande kimeyeyuka chote, kimesinyaa kuwa tone dogo, kinaanguka haraka, na matone yametawanyika. Mwangwi unashuka. Kwenye picha ya rada tabaka hilo huonekana kama ukanda unaong'aa, wakati mwingine kama pete inayoizunguka rada, na mwanafunzi yeyote wa fani hii anafundishwa kulitambua mapema. Programu ya simu haikuambii. Inapaka rangi na kukuachia wasiwasi.

Hapa nataka nikuonyeshe kiini cha ugumu wote. Mwangwi wa tone hautegemei uzito wa maji yake. Unategemea kipenyo chake kwa kipeo cha sita. Chukua tone la milimita 1 na jingine la milimita 4. Kwa maji, kubwa ni sawa na madogo 64. Kwa mwangwi, kubwa ni sawa na madogo 4,096. Matone machache makubwa yanaweza kupiga kelele kuliko mvua nzima ya matone madogo yenye maji mengi zaidi. Ndiyo sababu haiwezekani kugeuza mwangwi kuwa milimita bila kujua, au kudhani, kuna matone ya ukubwa gani.

Wanasayansi walitafuta njia ya mkato. Kutokana na kazi ya mwaka 1948 ya watafiti Marshall na Palmer, Kanada, ulipatikana uhusiano ambao bado unatumika duniani kote: mwangwi ni sawa na 200 mara kiwango cha mvua kwa kipeo cha 1.6. Kwa mvua tulivu ya nchi zile unafanya kazi vizuri kwa wastani. Kwa theluji ilibidi kutafuta mwingine, kisha mwingine, kisha mwingine. Tone la mvua lina umbo linalotabirika. Theluji inakuja kama nyota zenye matawi, sindano, vibati, punje zilizovikwa barafu, au mafungu ya vipande vilivyonasana kama manyoya. Kila umbo lina mwangwi wake, uzito wake na mwendo wake.

Idara za hali ya hewa za Marekani zimekubali jambo hili kwa vitendo: kwa theluji, namba inayozidishwa (inayokaa mahali pa ile 200) hubadilika kwa eneo. Kwenye milima ya Sierra Nevada hutumika 222. Kwenye maeneo makavu ya milimani mashariki yake hutumika 40. Kipeo ni 2 kote. Uchukue mwangwi wa desibeli 30 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa mwangwi). Kwa namba ya kwanza unapata maji ya milimita 2.1 kwa saa. Kwa ya pili, milimita 5. Rada ileile, rangi ileile, na jibu limezidi maradufu kwa sababu ya namba moja iliyochaguliwa na mtu aliyeketi kwenye kiti. Simlaumu mtu huyo. Namba zote mbili zimetokana na vipimo halisi vya ardhini. Ila anayesoma sentimita kwenye simu anapaswa kujua kwamba namba hiyo ipo.

Tena hayo ni maji, bado hatujafika kwenye theluji. Kuna kanuni ya mkono inayosema milimita 10 za maji ni sentimita 10 za theluji, yaani moja kwa kumi. Theluji nzito yenye majimaji inaweza kuwa moja kwa tatu au nne. Ile kavu ya unga, kama ya ziwani siku za baridi kali, inaweza kufika moja kwa thelathini. Kwa hiyo maji yaleyale yanaweza kuwa theluji ya kufunika kiatu au theluji ya kufika dirishani. Picha ya binti yako inaelekea ilikuwa ya namna hiyo, nyepesi na iliyosukumwa na upepo hadi ukutani. Unga kama huo una hewa nyingi na maji kidogo, na ndiyo maana hata mwale ukiupata unasikia mwangwi hafifu.

Nilipokuwa masomoni kwenye nchi ya baridi, zamu yangu ilikuwa kupima theluji saa moja asubuhi, kukiwa bado giza. Kifaa ni ubao mweupe uliolazwa chini na rula. Unasoma kimo, unafuta ubao, unaurudisha juu ya theluji. Huruhusiwi kufuta kila baada ya dakika chache, kwa sababu theluji hujikandamiza yenyewe kwa uzito wake, na mwenye kufuta mara nyingi hupata jumla kubwa kuliko aliyesubiri. Utaratibu wa Marekani ni kutofuta zaidi ya mara moja kila saa sita. Kisha unachota mche wa theluji kwa silinda, unaingiza ndani, unauyeyusha na kupima maji. Vidole vinauma. Pale ndipo nilipoelewa kwamba usahihi wa rada unaanzia kwenye mkono wa mtu mwenye rula.

Na hata huyo mtu hana ukweli wote. Kipimamvua cha kawaida kikiachwa wazi, upepo unaopinda juu ya mdomo wake huzipitisha chembe nyepesi pembeni, na siku ya upepo mkali kinaweza kukosa zaidi ya nusu ya theluji iliyoanguka. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilichukulia jambo hili kwa uzito hadi likaweka kipimo cha rejea: chombo kinachozungushiwa uzio wa mbao wa pembe nane mara mbili, wa nje ukiwa na kipenyo cha mita 12 na wa ndani mita 4, kazi yake ni kuvunja upepo tu. Ukirekebisha rada kwa kipimamvua kisicho na kinga, umeifundisha rada kosa la kipimamvua. Kwa maoni yangu hapa ndipo watafiti wengi hupita haraka mno. Wanaandika kwamba rada imezidisha, kumbe chombo cha chini ndicho kilichopunguza.

Je, hali inaboreka? Ndiyo, na si kidogo. Kati ya 2011 na 2013 mtandao wa rada za Marekani, zipatazo 160, ulifungwa uwezo wa kutuma mawimbi ya aina mbili kwa pamoja, yanayotikisika kwa ulalo na yanayotikisika kwa wima. Tone kubwa la mvua likianguka hubonyea na kuwa pana kama andazi. Kipande cha theluji kinachobingirika hakina upande. Ukilinganisha miangwi miwili unajua unaangalia nini, na tabaka la kuyeyuka hujitokeza waziwazi, kwa hiyo ule wekundu wa uongo unaweza kutambuliwa na kupunguzwa. Mawimbi hayo pia hucheleweshana kidogo yanapopita katikati ya matone au fuwele, na ucheleweshaji huo hauharibiki kwa rada kutosawazishwa vizuri wala kwa kilima kuziba sehemu ya mwale. Tangu Februari 2014 kuna na setilaiti ya Marekani na Japani inayobeba rada ya masafa mawili, inayotazama kutoka juu kwenda chini. Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoshusha mwale wa Negaunee ukafika chini ya mita 600 juu ya Houghton. Jiometri ni jiometri. Dawa ya hapo ni rada nyingine ndogo karibu, au watu wenye mbao na rula.

Wamarekani wana watu hao. Mwaka 1997 mafuriko ya ghafla yaliupiga mji wa Fort Collins, Colorado, kwa mvua iliyotofautiana sana kati ya mtaa na mtaa. Mwaka uliofuata ukaanzishwa mtandao wa raia wanaopima mvua, mvua ya mawe na theluji nyumbani kwao kila asubuhi, na leo umeenea nchi nzima na nje yake. Wanaotabiri hutumia namba zao kuisahihisha rada.

Hapo ndipo swali lako la Bangulo linapoingia. Huenda utashangaa, lakini theluji ya binti yako ipo pia juu ya Kariakoo. Juu ya Dar es Salaam nyuzi sifuri ziko kati ya kilomita 4.5 na 5, na mawingu makubwa ya masika yanapanda zaidi ya mara mbili ya hapo. Mvua nyingi za radi zinazotupiga zilikuwa theluji na barafu dakika chache kabla. Uzuri wetu ni kwamba tabaka la kuyeyuka liko juu sana, hivyo kwa mtu wa Tabata, aliye karibu na Bangulo, mwale wa chini unapita kwenye mvua halisi, karibu na ardhi. Kosa la Houghton si letu mjini. Linaanza kutunyemelea mbali: kuelekea Chalinze mwale uko karibu na kilomita moja na nusu, na kufikia Morogoro uko kilomita 3 hivi, ukiwa umekutana pia na milima ya Uluguru inayozidi mita 2,600. Hilo linanihuzunisha, kwa sababu maji ya Ruvu tunayokunywa Dar yanatoka Uluguru.

Kosa letu wenyewe ni lile la ukubwa wa matone. Mvua inayoingia kutoka Bahari ya Hindi mara nyingi ina matone mengi ya wastani na machache makubwa. Ukitumia uhusiano wa Marshall na Palmer kwenye mwangwi wa desibeli 40, unapata milimita 11 na kitu kwa saa. Ukitumia ule uliotengenezwa kwa mvua za kitropiki, wenye namba 250 na kipeo cha 1.2, unapata zaidi ya 21. Kwa bonde la Msimbazi, linaloanzia vilima vya Pugu na Kisarawe na kuteremka hadi Jangwani kwa saa chache tu, tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi. Waliokuwepo kwenye mafuriko ya Desemba 2011 hawahitaji nieleze.

Kwa hiyo, mama, rada ya Bangulo iamini kwa mambo matatu: mvua iko wapi, inaelekea wapi, inakua au inakufa. Kwa hayo hakuna kinachoishinda. Kwa milimita kamili, iamini nusu hadi kipimamvua kiseme. Na kwa uamuzi wa kuhama au kubaki, fuata taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya rangi za simu. Wanaposema angalizo, tahadhari au tahadhari kubwa, wameshaweka rada, setilaiti na vipimo vya ardhini pamoja. Kwa Houghton vivyo hivyo: soma onyo la maneno la kituo cha Negaunee, usipime usalama wa mtoto kwa rangi.

Na kama unataka kuisaidia rada, tafuta kopo lenye ubavu ulionyooka, mdomo na kitako sawa. Liweke uani mbali na mti na ukuta, juu ya tofali ili matope yasiruke ndani. Lisome kwa rula kila saa tatu asubuhi, muda uleule vituo vyetu vinaposoma, kisha limwage. Milimita 1 kwenye kopo ni lita 1 kwa kila mita ya mraba; milimita 50 juu ya bati la mita 10 kwa 10 ni tenki zima la lita 5,000. Binti yako naye atafute ubao mweupe. Andikeni kwenye daftari, yeye sentimita, wewe milimita, pamoja na saa mvua ilipoanza na ilipokatika. Masika yakifika nitumie kurasa zako, nami nitaziweka kando ya picha za Bangulo za saa hizohizo na kukurudishia majibu siku kwa siku.